Vitobo kwenye mukinduri: nianzie wapi kutafiti kuvu zinazobebwa na wadudu?

Swali: Habari Daktari. Niko mwaka wa nne, nasomea misitu, naishi upande wa Kiambu Road karibu na Karura. Nyuma ya ploti yetu kuna mukinduri (Croton megalocarpus) mkubwa, matawi ya juu yameanza kukauka na kwa shina nimeona vitobo vidogo vidogo vinatoa unga (nimetuma picha tatu). Nimesoma vile wadudu wanabeba kuvu na kuua miti Marekani na Afrika Kusini, nikapata hamu ya kufanya project yangu ya mwisho juu ya miti yetu ya asili. Je, kuna utafiti wa maana mtu anaweza kufanya hapa Nairobi bila pesa nyingi na bila maabara kubwa, na nianzie wapi? Pia landilodi anataka kuukata huo mti auze kuni, nimwachie tu?

Jibu: Nzuri sana dadangu, na pole kwa kungoja. Ndio, kazi ya maana ipo hapa Nairobi na unaweza kuianza na kisu, bahasha za karatasi na kalamu, hapo hapo nyuma ya ploti. Lakini nakuomba kitu kimoja kabla hujaendelea kusoma, usianze ukiwa umeshaamua moyoni ati hao wadudu ndio wanaua huo mukinduri. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea, na hata mimi nilipotea hapo.

Unajua mti ukiwa na shida, iwe mizizi imekatwa na watu wa kuchimba mtaro ama ni ukame ama maji yamesimama kwa miguu yake, unaanza kutoa pombe kidogo, hii ethanoli ya kawaida, na kuna mbawakawa wadogo sana wanaoifuata hiyo harufu kutoka mbali. Wakifika wanatoboa. Wewe unakuja wiki tatu baadaye, unaona vitobo, unasema muuaji ndiye huyu. Sasa fikiria umeenda matangani ukakuta watu wamejaa uani, huwezi kushika kila uliyemkuta pale ukasema ndiye alimuua marehemu. Wengi wamekuja kwa sababu ya kifo. Kazi yako ni kumjua yule mmoja aliyekuwepo kabla ya kifo, kama yupo, na hilo haliwezi kuonekana kwa picha ya simu hata ikiwa safi namna gani.

Wacha nieleze kwanza vile hawa wadudu wanaishi, manake ukielewa hapo mengine yanakuja yenyewe. Mbawakawa tunaowaita wa ambrosia hawali mbao. Wanalima. Kama una shosho aliyekuwa anakuokotea uyoga kando ya kichuguu mvua ikianza, basi wakulima wa aina hii unawajua tayari, mchwa nao wanakuza kuvu ndani ya kichuguu, wanailisha nyasi kavu na mbao waliyotafuna, na ule uyoga tunaokula ni mazao ya shamba lao. Mbawakawa wa ambrosia anafanya vivyo hivyo ndani ya shina. Jike ana kifuko kidogo sana mwilini, wengine kiko mdomoni wengine kifuani, na humo amebeba spora za kuvu yake, kama bibi harusi anayeenda kwa bwana na mbegu za kwa mama yake. Anatoboa, anachimba vijia, anapanda hiyo kuvu ukutani, watoto wakianguliwa wanakula kuvu. Kwa mti uliokufa hiyo si shida hata kidogo, ni kazi ya msitu, mbao lazima irudi udongoni. Shida ni pale kuvu yenyewe inaumiza mti ulio hai, ama mdudu anapoanza kuona mti wenye afya unamfaa, na mara nyingi hilo hutokea mdudu na kuvu yake wakifika mahali ambapo miti haijawahi kukutana nao.

Huyu wa Afrika Kusini uliyemsoma anaitwa Euwallacea fornicatus, asili yake kusini mashariki mwa Asia, na kuvu yake ni Fusarium euwallaceae. Jike ana milimita 2 hivi, mfupi kuliko punje ya mchele. Dume hana mabawa ya kuruka, hatoki, anapandana na dada zake humo humo ndani ya mti, kwa hivyo jike akitoka nje ameshapata mimba na amebeba shamba lake mdomoni. Hata yule ambaye hajapandwa anaweza kutaga, mayai yasiyorutubishwa yanatoa madume, na akishapata dume mmoja ukoo unaanza. Yaani mdudu mmoja tu kwenye kipande kimoja cha mbao anatosha kuanzisha mji mzima. Hiyo ndiyo inaninyima usingizi.

2009 walimkuta Israeli kwenye avokado, 2012 ikajulikana kwamba ndiye anakausha avokado na miti ya uani kule Los Angeles, na 2017 akaonekana kwenye bustani ya kitaifa ya mimea ya Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Sasa angalia vizuri vile alipatikana, juu hapo ndipo kuna somo lako. Hakuna aliyekuwa anamtafuta. Trudy Paap wa FABI, taasisi ya Chuo Kikuu cha Pretoria, alikuwa anakagua magonjwa kwenye bustani za mimea kwa wazo kwamba bustani yenye miti kutoka kila nchi ni kama mlinzi wa geti, mgeni akiingia ataonekana hapo kwanza. Akakuta miti ya Platanus imetobolewa. Kufungua macho baada ya hapo, wakamkuta Johannesburg, Knysna, George, na hata mdudu mmoja aliyekuwa ameshikwa Durban 2012 akatambuliwa kuwa ni yeye. Miaka yote hiyo alikuwa ndani ya nyumba na hakuna aliyejua. Australia nao wakamkuta Agosti 2021 East Fremantle, kwenye mti mmoja wa uani, mtu wa kawaida ndiye aliripoti, wakapigana naye kwa nguvu sana, wakakata maelfu ya miti, na 2025 wakakubali kwamba kummaliza kabisa haiwezekani tena.

Kwa hivyo ukiniuliza kinachokosekana hapa kwetu ni nini, si mtu wa kutangaza kwamba janga limefika. Ni orodha ya wenyeji. Nani anaishi kwenye mukinduri wa Nairobi mwaka wa kawaida, nani kwenye muhugu wa Karura, nani kwenye mueri, nani kwenye muringa, na kila mmoja wao amebeba kuvu gani. Ukikuja mgeni kesho utamjuaje kama hujawahi kuhesabu wenye nyumba? Osama wa mahindi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani, alitufundisha hii kwa uchungu, alitoka Amerika ya Kati akaingia Tanzania miaka ya 1970 ikielekea kuisha, na watu wakaanza kumjua vizuri wakati ghala zimeshakuwa unga. Hiyo orodha ndiyo project yako. Si jambo la kuandikwa gazetini, najua, na mwalimu wako anaweza kukuambia ni ndogo. Mwambie mti mmoja, miezi sita, wadudu wake wote wa kutoboa na kuvu zao. Si ndogo hiyo.

Na usifikiri kila hatari inatoka ng'ambo. Kuna kuvu inaitwa Ceratocystis albifundus, hii ni ya Afrika, iko kwenye miti ya asili tangu zamani na mara nyingi haina fujo nayo. Lakini walipoleta mti wa muthanduku kutoka Australia kwa ajili ya kusindika ngozi za wanyama, ile kuvu ikaupenda, inakausha mti mzima, na imepatikana Afrika Kusini, Uganda, Tanzania na hapa Kenya. Yenyewe haibebwi na mbawakawa wa kutoboa, inabebwa na wadudu wadogo wanaokuja kunywa utomvu kwenye kidonda. Umbo lake limetengenezwa kwa hiyo safari: kuna kichupa kidogo cheusi chenye shingo ndefu, na juu ya shingo kunakaa tone la spora zinazonata, mdudu akipita tu ameondoka nalo. Ndio maana ninakasirika sana nikiona matangazo yamepigiliwa misumari kwenye miti ya barabarani, na vile matawi yanararuliwa chini ya nyaya za stima badala ya kukatwa vizuri, na vile mueri na muthiga wanachunwa maganda pande zote kwa ajili ya dawa. Kila kidonda ni mlango. Project nyingine nzuri ikikushinda hiyo ya kwanza ni hii, tembea na uangalie vidonda vipya kwenye miti ya asili ya mtaa mmoja, ni wadudu gani wanafika siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, na wamebeba nini. Haihitaji hata mti mgonjwa.

Kabla sijaingia kwa kazi yenyewe niseme neno juu ya mti wetu wa muthaiti, juu naona watu wanausahau. Huko Marekani karibu na Savannah, jimbo la Georgia, 2002 walikuta mbawakawa kutoka Asia anaitwa Xyleborus glabratus, na kuvu yake ambayo siku hizi inaitwa Harringtonia lauricola. Inaingia kwa miti ya ukoo wa avokado, na mti ukihisi imeingia unajifunga mishipa wenyewe ili kuizuia, halafu maji hayapandi, unakauka kwa wiki chache. Makadirio ya kule ni kwamba imeua miti kama milioni 300 ya jamii moja tu ya porini. Sasa muthaiti wetu, Ocotea usambarensis, ule wa Aberdare na Mlima Kenya ambao tayari wapasuaji mbao waliumaliza sehemu nyingi, ni wa ukoo huo huo wa avokado. Na chini yake, kwenye mashamba ya Murang'a, kuna avokado mpaka ukutani. Kama uko na mwenzako darasani anatafuta swali, mpatie hilo la muthaiti, akusanye wadudu wa kutoboa waliopo kwenye muthaiti na kwenye avokado za jirani aone kama wanabadilishana.

Haya, sasa mukinduri wako. Usiende kwa mti mmoja pekee. Tafuta mikinduri kama 20, nusu inayokauka nusu iliyo mizima, mtaa mmoja, ukubwa unaofanana. Hii ya miti mizima wanafunzi hawapendi, wanaona ni kupoteza wakati kuchunguza mti usio na shida, lakini bila hiyo huna chochote, manake kama kuvu ile ile iko kwenye miti mizima yote basi si yenyewe inayoua, ama haiui peke yake. Kila mti uandike mahali ulipo, upana wa shina, asilimia ya matawi makavu, na historia yake, na historia uliza watu: mtaro ulichimbwa lini, nani alimwaga simenti hapo, kulichomwa takataka chini yake ama la. Mama mboga aliyekaa chini ya huo mti miaka kumi anajua mengi kuliko darubini yangu.

Kwenye vitobo angalia upana kwanza. Vile vya Euwallacea ni vyembamba, chini ya milimita 1, kama ncha ya biro, na ni mviringo safi. Angalia kinachotoka: unga mkavu unaomwagika, ama unga umeshikana umetoka kama kijiti cha tambi, ama utomvu, ama kwenye avokado ile chumvichumvi nyeupe kama sukari imekauka kuzunguka tundu. Kwa picha yako ya pili naona vijiti vya tambi, na hiyo kwa kawaida ni dalili ya mbawakawa wa ambrosia, lakini wako wengi, wenyeji na wageni. Hata kundi moja la Euwallacea lina jamii kadhaa zinazofanana kabisa kwa macho, majina yao yenyewe yalibadilishwa 2018 na tena 2019 mpaka sisi wenyewe tukachanganyikiwa, na bila DNA huwezi kuzitenganisha. Kwa hivyo kwenye daftari usiandike jina la mdudu, andika "mbawakawa A, mm 2, kahawia", jina litakuja baadaye.

Alafu chukua kisu, ukipanguse na spiriti, uchune ganda jembamba karibu na kitobo kimoja mpaka uone mbao. Kama kuna doa la kahawia ama jeusi linalozunguka kitobo na kupanda juu, hiyo ni alama ya kuvu kwenye mbao hai, kata kipande kidogo pale doa linapokutana na mbao safi, hapo mpakani ndipo kuvu iko na nguvu. Katikati ya doa mara nyingi utapata waliokuja baadaye. Weka kwenye bahasha ya karatasi, andika tarehe na namba ya mti kwa penseli, tia kwenye kibeba-baridi, na ufike maabara siku hiyo hiyo. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilibeba vipande vya muringa kwenye mifuko ya plastiki, nikaviacha ndani ya gari jua likawaka mchana kutwa, kufungua jioni ukungu wa kijani umejaa kila mahali, na kwa miezi mitano nilikuwa nachunguza huo ukungu wa kijani nikidhani ndio ugonjwa. Ilikuwa ni plastiki na jua. Miti ile ilikatwa kabla sijarudi na sampuli nyingine, na mpaka leo hakuna anayejua iliuawa na nini. Karatasi, tafadhali.

Maabara unayohitaji si kubwa vile unaogopa. Kwa Ceratocystis hata agari, ile jeli ya kukuzia kuvu, huhitaji mwanzoni, unanunua karoti, unaiosha na kuikata visahani, unaweka kipande cha mbao kati ya visahani viwili kama sandwichi, unafunga, unangoja kama wiki moja, na kama iko utaona vile vichupa vyenye shingo ndefu vimeota juu ya karoti. Kwa kuvu nyingine unatumia visahani vya petri na agari ya viazi, kipande unakiosha kwa Jik iliyozimuliwa kama dakika moja, unasuuza, unapanda. Ukitaka kujua mdudu mwenyewe amebeba nini, jike aliye hai unamtumbukiza kwa spiriti sekunde chache kutoa uchafu wa nje, unamsuuza, unakata kichwa na kukiponda juu ya agari, manake kwa hawa Euwallacea kile kifuko kiko kichwani. Mwili uliobaki uweke kwa ethanoli kali ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA. Usisahau kuweka wadudu wengine wakavu, uwapeleke makumbusho ya taifa wahifadhiwe na namba zao, ili mtu wa mwaka 2050 akija aweze kurudi kuwaangalia.

Mtego nao ni chupa ya soda ya lita mbili. Unakata dirisha ubavuni, unaitundika kichwa chini urefu wa kifua, ndani unaning'iniza kichupa cha ethanoli chenye utambi ili harufu itoke polepole, na kwenye kizibo unaweka maji na sabuni kidogo. Unapitia kila wiki. Anza kabla ya mvua za Machi na uendelee mpaka zikiisha, kisha tena za Oktoba kama muda unakuruhusu, juu wadudu hawaruki sawa mwaka mzima. Mahali ningependa sana kuona hiyo mitego ni Arboretum, hapo kuna miti ya kigeni na ya asili bega kwa bega tangu 1907, ndiyo Pietermaritzburg yetu. Na mahali pa pili ni kuzunguka bandari kavu ya Embakasi na zile yadi za kuuza paleti. Paleti ikiwa imetibiwa vizuri inapigwa joto mpaka katikati ya mbao ifike digrii 56 kwa dakika 30, na inapigwa muhuri wenye suke la ngano na herufi HT. Nenda siku moja kwa mafundi wa makochi ya paleti, hesabu ngapi zina muhuri, ngapi hazina, ngapi bado zina maganda. Hiyo hesabu peke yake ni jedwali zuri la project.

Ruhusa usiruke. Leseni ya utafiti inatoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ukiingia Karura ama Arboretum unahitaji barua ya KFS, shirika la misitu, na ukishuku umepata mdudu ama kuvu ya kigeni watu wa kwanza kuambiwa ni KEPHIS, wale wakaguzi wa afya ya mimea, si WhatsApp. Anza barua mapema sana, kuna ofisi moja ilikaa na barua yangu miezi minne na msimu wa mvua ukapita nikiangalia. Wakati unangoja tembelea KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu pale Muguga, na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, kwako si mbali, uombe tu kuonyeshwa mikusanyo ya wadudu. Watu wa kule wanapenda mwanafunzi anayekuja na wadudu mkononi.

Sasa ukishapata kuvu na mdudu, bado hujathibitisha. Kwa kuvu unafuata ile njia ya Robert Koch, ambaye kwa njia alikuja mpaka visiwa vya Sese Ziwa Victoria 1906 kuchunguza malale: uipate kwenye mgonjwa, uikuze peke yake, uitie kwa mche mzima, mche uugue vile vile, kisha uitoe tena humo na iwe ile ile. Na mche mwingine utie kipande cha agari tupu, ili ujue si kidonda chenyewe kilichoua. Kwa mdudu kuna masharti ya ziada ambayo Mmarekani mmoja, J. G. Leach, aliyaweka 1940: mdudu awe na uhusiano wa karibu na miti migonjwa, ingawa si lazima akutwe kila mara, awe anatembelea na mizima pia, awe amebeba hiyo kuvu porini na si maabara tu, na ukimweka kwa mti mzima kwenye majaribio mti upate huo ugonjwa. Masharti yote, si mawili unayoyapenda. Kwa miezi yako sita huenda ukafika la kwanza na la tatu, na hiyo inatosha kabisa ukiiandika kwa ukweli.

Na usijidharau kwa kuwa mwanafunzi. Ule ugonjwa uliomaliza miti ya elm Ulaya, zaidi ya milioni 25 Uingereza peke yake, aliyeonyesha kwamba unaletwa na kuvu alikuwa mwanafunzi, Bea Schwarz, kwenye maabara ya Johanna Westerdijk kule Uholanzi, tasnifu yake ni ya 1922. Wataalamu wengi hawakumwamini, mpaka Christine Buisman wa maabara hiyo hiyo aliporudia majaribio miaka michache baadaye na kukuta ni kweli.

Kuhusu landilodi. Kwanza mwombe angoje wiki mbili, mweleze kwamba matawi ya juu kukauka si lazima mti wote unakufa, mukinduri huwa unaota tena, na mwangalie pamoja kama kuna mtu amechimba ama kumwaga simenti kwa mizizi, hilo ndilo ningeshuku la kwanza kabisa kwa ploti za upande huo. Akikubali kukata matawi makavu tu, msumeno upanguswe na spiriti kabla na baada. Akikataa na mti lazima uanguke, basi kitu kimoja usimkubalie hata kidogo ni hiyo biashara ya kuni, isiwe mbao yenye vitobo imepakiwa pikapu ikapelekwa kwa shule ama kwa choma ya mtaa mwingine, maana hivyo ndivyo mdudu asiyeweza kuruka mbali anavyosafiri kilomita 40 kwa asubuhi moja. Itumike hapo hapo kwa moto wa nyumbani haraka, ama ikatwekatwe vipande vya chini ya sentimita 2.5 vifunikwe na karatasi ya nailoni vipigwe na jua wiki kadhaa.

Na siku ya kukata uwe pale mapema. Omba magogo mafupi matatu yenye vitobo na moja lisilo na kitobo, kila moja ndoo yake ya lita 20, toboa tundu moja kando karibu na chini ya ndoo uingize chupa angavu, wadudu wakitoka wataifuata mwanga wajikusanye humo. Juu ya ndoo usitumie neti ya mbu, matundu yake ni makubwa kwa mdudu wa milimita 2, funga kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa karibu na ukikaze kwa mpira. Ndoo zikae kivulini, chupa iangaliwe kila jioni, na wa kwanza kutoka wawekwe wakiwa hai kwa kipande cha tishu yenye unyevu kwa friji mpaka siku utakapokuja nao.